Mtamba kwa Mkulima Wenu Maskini

Nyumba ya Maziwa ya Wanawake,
Barabara ya Banfora, nje ya Bobo-Dioulasso,
Burkina Faso.

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Nchi iliyoandikwa ubavuni mwa gunia la maziwa ya unga.

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MSAADA WA MTAMBA MMOJA KWA MKULIMA WENU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na ng'ombe wako, kama unao. Naitwa Takko Bolly, Mfulani, mwenyekiti wa nyumba ya maziwa niliyoianzisha kwa sufuria moja na baiskeli ya kuazima. Leo tuna majokofu mawili, mashine ya kufunga vifuko, na wanawake ishirini na wawili wanaoleta maziwa kila asubuhi. Nakuandikia kwa huruma tupu. Ningeomba usome ukiwa umekaa, maana si rahisi kuelezwa umaskini wa watu wako na mtu wa mbali.

Kiangazi kilichopita tulitembelewa na mkulima wenu, Bwana Anselm, aliyeletwa na watu wa mradi. Tulimkaribisha kwa kibuyu cha maziwa, akanywa akamaliza, tukampenda. Kisha akaanza kutueleza maisha yake kupitia mkalimani. Alisema anakamua kwa hasara. Akiacha kukamua, hasara inazidi. Serikali isipomtumia pesa kila mwaka, atafunga zizi na kuhamia kwa shemeji yake. Akasema hayo macho yakiwa mekundu, na mimi sikudhani ni vumbi.

Mama mkwe wangu, Dado, alikuwa amekaa pembeni akipiga siagi. Akauliza, "Huyu ana ng'ombe wangapi?"

Akajibiwa, mia na ishirini.

"Na bado anasaidiwa?"

Kila mwaka, bibi.

Dado akaacha kupiga siagi. "Yarabi! Basi huyo hana ng'ombe, ana wagonjwa. Mfungieni mtamba mmoja aanze upya."

Mheshimiwa, kwetu mfugaji akifilisika haachwi hivyo. Rafiki humfungia mtamba. Atamkamua, ndama watatu wa kwanza watakuwa wake, kisha atamrudisha mama yao kwa mwenyewe. Hakuna riba wala mdhamini. Na aliyetoa hatakiwi kujitangaza, kwa hiyo naona aibu kidogo kuyaandika haya kwa waziri mzima. Lakini Dado amekwisha kusema, na katika nyumba hii Dado akisema, imepita.

Kabla hatujamtoa mtamba, nina malalamiko machache. Nimeyapa namba ili karani wako asipotee njiani.

1. Mnawaficha maskini wenu. Kwenye gunia lenu la maziwa ya unga kuna ng'ombe mnene, majani yamemfika magotini, mlima nyuma, jua. Mtu hayumo. Miaka yote nilijiuliza mwenye ng'ombe yuko wapi. Baada ya kumwona Bwana Anselm nimeelewa: angeharibu picha.

2. Bei. Lita ya maziwa yetu tunaiuza faranga mia tano. Humo mna mashudu ya pamba, mafuta ya pikipiki, umeme unaokatika, kifuko, na mwanamke aliyeamka kukamua, ambaye huhesabiwa mwisho na hupata kilichosalia. Lita inayokorogwa kutoka kwenye gunia lenu ni faranga mia mbili ishirini na tano. Maziwa hayo yamepanda lori, yakapanda meli, yakapanda lori jingine, yamelipa bandari, yamelipa ushuru mdogo kama bakshishi ya mlinzi, na bado yanafika hapa kwa chini ya nusu ya bei ya maziwa yaliyotoka nyuma ya nyumba. Sikusoma sana, Mheshimiwa, ila kutoa na kujumlisha najua. Kitu kilichotoka mbali hivyo kikiuzwa rahisi hivyo, sokoni kwetu huitwa cha wizi. Lakini Bwana Anselm si mwizi, nimekula naye. Basi kuna mtu anayejaza pengo. Nimetafuta sana mtu huyo, na nimempata kwenye anwani ya barua hii.

3. Mmenifanya nichekwe na Mbobo. Siaka Millogo ana duka ng'ambo ya barabara, anauza unga wenu kwa kikombe. Wabobo, wenyeji wa hapa, na sisi ni watani, hivyo ana haki ya kunitukana na mimi nina haki ya kumrudishia. Juzi alisimama mlangoni akapaza sauti: "We Mfulani! Ng'ombe wako anakula kutwa anakupa kikombe. Wangu ni gunia: halili, halinyi, na halijawahi kunipiga teke!" Nikamwambia mtu aliyenyonyeshwa pombe ya mtama asitoe maoni juu ya maziwa. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Ila, Mheshimiwa, walicheka wakiwa kwenye foleni yake.

4. Nimesoma maandishi madogo ya gunia, yale yaliyo chini ya kwato za ng'ombe. Yanasema siagi imeondolewa na mahali pake pametiwa mafuta ya mawese. Nikayasoma tena kwa sauti, nikidhani macho yamechoka. Yaani siagi mmeiuza kwingine kwa bei ya siagi, mkamtoa ng'ombe ndani ya maziwa, mkatia mchikichi, ng'ombe mkambakiza kwenye picha. Hapa kwetu mwanamke akionekana ameongeza maji kwenye dumu lake, kikombe kimoja tu, tunamrudishia dumu mbele ya wenzake, na maneno hayo yatamfuata mpaka harusi ya bintiye. Ninyi mkifanya hivyo mnapewa ruzuku.

5. Wataalamu wenu walikuja zamani wakaiambia serikali yetu kwamba kumsaidia mfugaji ni kumdekeza. Chanjo ya bure ikaondolewa, daktari wa mifugo akaondolewa, bei ya mashudu ikaachiwa upepo. Tulitii. Tulidhani ni sheria ya dunia nzima, kama ile ya jua kuchomoza mashariki. Hakuna aliyetuambia kwamba ni dawa ya kusafirisha tu, isiyonywewa na mtengenezaji.

6. Tulialikwa semina mjini ya kuinua maziwa ya hapa nyumbani. Chai ilikuja na maziwa ya gunia. Nikamuuliza mhudumu, akainama akaninong'oneza, "Mama, bajeti."

Sasa nifike kwenye kinachonikosesha usingizi. Mwezi huu tumemwaga maziwa siku nyingi kuliko tulizouza yote. Hoteli moja imetuacha, zahanati imetuacha, na bibi wa uji wa asubuhi, ambaye ni binamu yangu, naye amehamia kwa Siaka na sasa akiniona anakohoa. Katika kikao kilichopita Hawo, ambaye maziwa yake ndiyo mazuri kuliko yetu sote, alisimama akasema, "Dada Takko, tunakuheshimu. Lakini ng'ombe wangu hawali heshima, wanakula mashudu." Hakuna aliyemkemea. Ijumaa wanawake wanakutana kuamua kama nyumba ya maziwa ifungwe au iendelee. Nyumba hii ikifungwa, Mheshimiwa, hakuna pengine pa kupeleka maziwa isipokuwa kumwagia mbwa, na hao wawili tulio nao tayari wamenenepa.

Kwa hiyo naomba tumalize jambo hili kama watu wenye adabu. Sisi tunatoa mtamba. Jina lake Oole, rangi ya mchanga mkavu, pembe zimesimama vizuri, mama yake hakuwahi kutunyima hata mwaka wa ukame. Akifika kwa Bwana Anselm atavumilia baridi kuliko mnavyofikiri, mradi asemeshwe. Nanyi mtatimiza masharti yafuatayo, ambayo nimeyanakili kwa uaminifu kutoka kwenye yale mliyotuletea:

Kwanza, aliyefungiwa mtamba hauzi maziwa mlangoni kwa aliyemfungia. Hili hata mtoto wa kwetu hahitaji kufundishwa. Magunia yarudi, au angalau yaje kwa bei yake ya kweli, pamoja na mshahara wa Bwana Anselm ndani yake.

Pili, ruzuku ikome mara moja ili wakulima wenu wasidekezwe. Watalia mwaka wa kwanza. Wataalamu wenu walituhakikishia kwamba baada ya hapo mtu huzoea.

Tatu, tutatuma mtaalamu. Ni mpwa wa Dado, hajui lugha yenu na hajawahi kuona theluji, lakini atahitaji gari kubwa jeupe, posho ya kila siku na nyumba yenye mpishi. Atakaa miezi mitatu, kisha ataandika ripoti kwamba wenyeji ni wakarimu ila wana mazoea mabaya.

Najua mtamba mmoja hatoshi kwa nchi nzima yenye shida. Nimefikiria hilo pia. Kila kaya ya Kifulani kuanzia Senegali hadi Chadi itaombwa kutoa mmoja. Jumla yake siwezi kukutajia, kwa kuwa kwetu ng'ombe wa mtu hawahesabiwi kwa sauti. Wenu hawana mwiko, ndiyo maana nimewahesabu. Na serikali yenu ikizidiwa kabisa na mzigo wa kuwalisha wakulima wake, isione haya kuja kupiga foleni hapa. Tutaikopesha. Masharti tutayasoma polepole, kwa lugha yetu, na mtapiga makofi mwishoni kama tulivyokuwa tukipiga sisi.

Naomba jibu lifike kabla ya Ijumaa. Kama posta yenu ni ya polepole, litie ndani ya gunia la maziwa. Hayo hayajawahi kuchelewa.

Nisalimie mkeo, watoto, makarani wote, madereva wa meli, na yule aliyechora mlima. Nisalimie Bwana Anselm kwa namna ya pekee na umwambie mbuzi ambaye Dado alimwahidi siku ya kuagana bado yupo. Wasalimie pia ng'ombe wake mia na ishirini, ambao nasikia wana namba masikioni badala ya majina. Poleni nao.

Ni mimi, mfadhili wenu mtarajiwa,

Takko Bolly
Mwenyekiti

Tanbihi: Barua hii ilikosa stempu, na leo ni Jumamosi. Wanawake walikutana jana. Hawo alipendekeza tusifunge bali tuuze mtindi wa unga wenu, maana majokofu hayajui tofauti. Mkono wangu ulikuwa wa nne kwenda juu kukubali. Usitume mtu kumchukua Oole. Ameuzwa asubuhi hii mnadani, na bei yake imetupatia magunia sita kwa Siaka, ambaye alinipunguzia kidogo, akanitukana kidogo. Tulipokosa cha kuyafungia kwenye mkokoteni, Dado mwenyewe aliingia ndani akatoa kamba mpya ya mtamba aliyokuwa amemsukia mkulima wenu. Naomba mtutumie bei ya jumla kwa mnunuzi wa magunia arobaini kwa mwezi, na mtujulishe kama ruzuku hutolewa pia upande wa mnunuzi. Bwana Anselm mwambieni asilie tena. Amepata wateja ishirini na watatu.