Usukani wa Bedford ya Zamani

Jumatatu, 4 Juni 2018

Nimepinduliwa! Kamati ya Chama cha Mabasi ya Kale cha hapa Silsden imekaa sebuleni kwangu leo asubuhi, imekunywa chai yangu, imemaliza keki ya mke wangu, kisha imeamua kwamba Jumapili atakayeendesha basi kwenda Morecambe ni Desmond Pickup. Daktari wa meno! Mstaafu! Mtu aliyening'oa gego mwaka 1991, na ambaye hakuwahi kushika usukani mkubwa kuliko wa gari lake dogo hadi alipofikisha miaka sitini.

Na mimi je? Mimi Arnold Sugden, niliyeendesha basi hilohilo miaka minne mizima?

Bedford ya mwaka 1949. Pua ndefu, viti ishirini na tisa, rangi ya maziwa yenye mkanda wa kijani. Giaboksi yake huimba. Ukiijua, kilimani huimba kama mama anayebembeleza mtoto. Usipoijua, itakusuta mbele za watu. Wakati ule basi lilikuwa mali ya kampuni ya Holroyd na Wanawe. Viwanda vya sufu vikifunga kwa likizo, mji mzima ulitaka kwenda kuiona bahari, nasi ndio tuliowapeleka. Watu waliimba kutoka hapa mpaka pwani. Siku moja ya Juni 1968 akapanda msichana mwenye koti la njano, akakaa nyuma yangu, akaniuliza kama ninajua ninakokwenda. Nikamwoa. Anaitwa Brenda. Jumapili hii inatimia miaka hamsini kamili. Nani ampeleke Morecambe? Mng'oa meno?

Mwenyekiti wetu, Bi Marjorie Feather, akasema kwa upole kwamba leseni yangu ya basi bado haijatoka. Nikajibu kwamba karatasi zimekwama ofisini. Brenda akaniangalia, akaendelea kukusanya vikombe.

Ukweli ni huu, na wewe shajara huna mdomo. Karatasi hazikukwama popote. Zimo ndani ya kiatu changu cha harusi, maana hazipokelewi bila cheti cha macho. Mwezi Machi daktari alinikuta na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Eti upasuaji mdogo, robo saa tu, na nyumbani unarudi siku hiyohiyo. Siogopi. Sipendi tu mtu mwenye kisu anisogelee jichoni. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Nina mpango.

Jumanne, 5 Juni

Mpango wenyewe ulikuwa hodari. Jana alasiri nilikwenda Skipton kwa mpima macho, nikajifanya nasubiri zamu. Mlango ulikuwa wazi, chumba kitupu. Nikaingia, nikaweka pua yangu kwenye ubao wa herufi, nikazinakili zote kiganjani. Usiku kucha nilizikariri. Brenda akaniuliza kwa nini ninatamka alfabeti usingizini. Nikamwambia ni fumbo la gazetini.

Leo nikaingia kifua mbele. Binti mpole, koti jeupe. Akaniketisha, akaniambia nisome ninachoweza. Nikasoma! Mstari wa kwanza hadi wa mwisho, bila kukwama, mpaka jina la kiwanda kilichochapa ubao. Nikamaliza, nikakunja mikono.

Binti akaweka kalamu yake mezani.

Binti akasema kwamba kwa kweli hajawahi kusikia usomaji mzuri kama huo, ila ubao uko ukuta wa pili. Nilikuwa nimeusomea mkoba wake na mwavuli.

Hakunicheka. Angenicheka ningemwelewa. Alinishika mkono hadi mlangoni, akaniambia baba yake naye alikuwa mbishi hivihivi, na sasa anasoma gazeti bila miwani. Nikamwambia ampe salamu zangu. Kisha nikafungua mlango wa kabati.

Alhamisi, 7 Juni

Ikiwa siwezi kupanda mimi, basi ashuke yeye. Nimeamua kumtisha Desmond.

Nilimkuta gerejini anang'arisha taa za mbele kwa kitambaa cha meza. Kofia ya dereva ameshanunua. Mpya! Nikamwambia, kwa huruma, kwamba kama ndugu ni wajibu wangu kumweleza anachokiendea. Nikaanza. Nikampa kilima cha Buck Haw, pale mbele ya mji wa Settle, kinachosimama kama ukuta. Nikampa gia zisizoingia mpaka ukanyage klachi mara mbili, na katikati usikilize injini inasemaje. Nikampa breki zinazohitaji taarifa ya mapema kama mgeni rasmi. Nikampa abiria waliotapika mwaka 1969, kwa majina.

Nilitarajia atoke jasho. Akatoa daftari! Akaandika kila neno. Akaniuliza "katikati" ni sekunde ngapi. Akachora mchoro. Mwishowe akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili na kusema tangu ajiunge na chama hakuna aliyemfundisha kitu, kila mtu humwona mtu wa meno tu. Machozi yalimlengalenga. Akanipa chupa ya jamu ya rubabu, yale mabua mekundu machachu, aliyoipika mwenyewe.

Jamu tamu sana. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jioni Bi Marjorie akapiga simu kunisifu. Amesikia nilivyo na moyo mkubwa, na kwa sababu hiyo kamati imenipa cheo cha safari. Nitagawa peremende.

Peremende!

Jumamosi, 9 Juni

Mgongo. Naandika nikiwa nimelala chali.

Mpango wa leo ulihitaji betri tu. Niitoe betri, niifiche nyumbani. Kesho basi likatae kuwaka, watu wahangaike, Desmond apekue daftari lake bure, kisha mimi nijitokeze taratibu na betri mkononi. Wangeona basi hili bila Arnold ni chuma tu. Baada ya hapo nani angeuliza leseni?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama. Betri ya basi si betri ya redio. Nilipoinuka na mzigo, kiuno kikalia kama kuni kavu, nami nikabaki nimepinda, nikiwa nimekumbatia betri, siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Ndipo akaingia Bi Marjorie.

Akauliza ninafanya nini. Nikasema naipeleka kuichaji. Akapiga makofi! Akasema Desmond alikuwa akilalamika tangu jana kwamba betri imechoka, na kumbe mimi nimeshafikiria, mimi malaika. Akaniletea toroli. Akanisindikiza mpaka nyumbani. Akasimama hapo hadi alipoona taa ya chaja imewaka.

Kwa hiyo nimeichaji, nikasafisha vichwa vyake, na Bi Marjorie ameirudisha mwenyewe. Leo hakuna betri nzima zaidi katika Yorkshire yote. Wiki nzima namhujumu yule mtu, na kila ninachogusa kinamnyookea.

Brenda ananikanda kiuno. Ameuliza kama kuna jambo ninataka kumwambia. Nikasema hakuna.

Jumapili, 10 Juni

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Basi liliwaka mara moja. (Betri!) Tulikuwa ishirini na sita, wengi wazee wenzangu. Nilimshika Brenda mkono, nikamkalisha kiti kilekile cha nyuma ya dereva, nikakaa pembeni yake na mfuko wangu wa peremende kama mtoto aliyepelekwa kanisani. Lakini tulipotoka mjini Bedford ikaanza kuimba, na ile harufu, petroli na ngozi ya viti iliyopigwa jua, ikanipanda kichwani. Nyuma mtu akaanzisha wimbo. Hata Desmond aliendesha si vibaya. Naandika haya kwa uchungu.

Brenda akanigusa goti. Akasema, "Unajua, Arnold, kila safari ya basi maishani mwangu nimeangalia kisogo chako. Leo ndiyo mara ya kwanza umekaa na mimi."

Nikampa peremende.

Kisha kilima cha Buck Haw.

Desmond alitaka kushuka gia ya pili. Akakosa. Giaboksi ikapiga kelele ya bati linalopasuka. Akajaribu tena, akakosa tena, injini ikazima, na basi zima, watu ishirini na sita na vikapu vyao, likaanza kurudi nyuma. Hatua moja. Mbili. Akavuta breki ya mkono. Ikashika. Wimbo ulikuwa umekatika. Mbele yangu niliona Desmond ameng'ang'ania usukani, na daftari lake limeanguka kwenye pedali.

Bi Marjorie akasimama. Hakuwa na upole tena. Akasema, "Leseni baadaye. Bwana Sugden, njoo utuvushe. Wewe ndiye unayelijua."

Watu wote wakanigeukia. Hilo hasa ndilo nililolitaka tangu Jumatatu! Kiti kitupu, umati unaniomba, na Brenda anaona! Nikainuka. Nikatazama mbele kupitia kioo.

Uji. Barabara ilikuwa uji. Kitu cheupe pembeni, ama ukuta wa mawe, ama kondoo, ama mtu.

Nikageuka kumtazama Brenda. Hata yeye, kwa umbali ule, ukingo wake ulikuwa na ukungu.

Nikasema, "Siwezi. Sioni."

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nikasema tena, maana mbele kulikuwa na wazee wawili wasiosikia vizuri: "Nina mtoto wa jicho tangu Machi. Karatasi hazikukwama. Nimedanganya."

Aliyenijibu alikuwa Desmond. Hakugeuka. Akasema, "Lakini unasikia?"

Ninasikia! Bedford ile ningeisikia hata nikiwa kaburini.

Nikashika chuma cha nyuma ya kiti chake, nikainama hadi sikio lake, kiuno kikilia. Nikamwambia asahau sekunde na asahau mchoro. Akawasha, tukaondoka kwa gia ya kwanza, taratibu. Nikafumba macho, maana hayakuwa na faida. Injini ikapanda, ikapanda, ikafika pale.

"Klachi. Achia. Usiharakishe, daktari, halikimbii jino. Klachi tena. Sasa! Itie!"

Ikaingia kama kisu kwenye siagi. Na giaboksi ikaimba, wimbo uleule, mpaka kileleni. Watu walipiga makofi, mzee mmoja akarusha kofia dirishani na tukalazimika kusimama kuifuata.

Morecambe maji yalikuwa yamekupwa, bahari imejiendea mbali kama kawaida yake. Mimi na Brenda tulikaa kwenye ukuta tukila uduvi kwa vijiti. Nikangojea kusemwa. Akatafuna, akameza, akasema alijua tangu Machi.

Nikauliza alijuaje.

"Mzee, kila asubuhi unaliamkia sanduku la posta. Unaliita Bi Marjorie. Wiki iliyopita uliliuliza hali ya goti lake."

Tukacheka hadi nikapaliwa na uduvi. Halafu yeye akaacha kucheka. Akasema hakuhitaji nimwendeshe popote. Alihitaji nimwone. Anazeeka, na mimi sioni hata nikamwambia uongo kwamba hazeeki. Nikaahidi. Nikasema kesho napiga simu hospitali. Naogopa, nikasema pia. Akasema hilo nalo alilijua.

Tuliporudi nilimpigia Desmond kelele za gia njia nzima, hata penye tambarare, mpaka akaniomba, kwa heshima zote, nikale peremende.

Jumatano, 13 Juni

Nimepiga simu. Jicho la kwanza tarehe tatu Julai. Nimemwambia Brenda tarehe, saa, na jina la daktari, vyote vya kweli. Nafsi imetulia ajabu! Naandika hapa nisije nikasahau: uongo ni mzigo mzito, na mtu wa miaka sabini na miwili hana haja ya kumficha mkewe chochote. Kuanzia leo Arnold Sugden ni mtu wa mambo ya wazi.

Saa nne asubuhi nilikuwa nasoma matangazo ya gazeti kwa kioo cha kukuzia. Kuna mkulima, nje kidogo ya Pateley Bridge, anauza basi la mwaka 1938. Halina injini. Halina magurudumu. Limekaa shambani miaka arobaini. Lakini viti viwili vimo, na honi! Nikampigia Desmond. Atanipeleka leo hii, na ameapa kwamba mbele ya wake zetu hatafumbua kinywa. Kwa daktari wa meno si jambo dogo.

Brenda nimemwambia ninakwenda kununua banda la kuku.

Akasema hatuna kuku.

Hilo nimeshalifikiria. Wanakuja sita Ijumaa.