Sauti ya Bernadi Chini ya Ulimi Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Kivimbe chini ya ulimi sasa ni kama yai la kwale. Hakiumi. Ila maneno yanatoka mazito, utadhani nina kiazi mdomoni. Asubuhi nilimwamkia shangazi Mektilda kupitia dirishani. Shikamoo tu! Sufuria likamponyoka. Eti ni sauti ya kaka yake, baba mkubwa Bernadi, aliyezama ziwani mwezi wa kwanza. Mtumbwi wake ulirudi hapa Lituhi peke yake.

Jumapili ukoo unakaa kuamua nani aurithi mtumbwi huo. Wote wanamtazama Wendelin, mwana wa marehemu. Kwa lipi? Kuzaliwa tu! Mimi nina sauti.

Jumanne, 4 Machi
Nilijibanza nyuma ya jiko, nikatamka kwamba mtumbwi apewe Alphonce. Yaani mimi. Shangazi akapiga ishara ya msalaba. Safi! Lakini Wendelin akazunguka jiko, akanikuta nimechuchumaa. Akanifunua mdomo, akasema mdogo wangu, huu ni ugonjwa, keshokutwa twende hospitali Mbinga. Kuna mashine inapiga picha kwa mawimbi ya sauti.

Mawimbi ya sauti! Nimekwisha. Itaonyesha sauti ni ya nani.

Alhamisi, 6 Machi
Dawa ilikuwa moja: nisitoe hata mguno. Mashine ikose cha kupiga picha. Daktari Edina akanipaka jeli ya baridi chini ya kidevu, akapitisha kifaa. Kwenye kioo likatokea fuko jeusi. Akasema ni mate tu, tezi imeziba, ila fuko linateremka shingoni. Nipasuliwe Jumanne kabla halijaniziba pumzi. Kisha akaniomba niache kuongea, picha inatikisika.

Sikuwa nimeongea! Nilikuwa nimebana meno mpaka taya linauma. Nikamgeukia Wendelin. Analia. Akasema amemsikia baba yake, anasema mtu asiuguse ule mtumbwi. Mimi sikusikia kitu. Nywele zilinisimama, sikatai. Halafu nikawaza: ushahidi, tena wa hospitali!

Jumapili, 9 Machi
Nimeshinda! Wendelin katamka mbele ya ukoo kwamba mtumbwi hataki hata kuuona. Akanisihi nami niuache, tuuchome moto. Wivu huo! Nikauchukua.

Mchana niliujaribu kidogo. Maji yakanifika vifundoni na tundu sikuliona. Nikarudi nikiyachota kwa kopo. Mtumbwi umezeeka tu.

Upasuaji? Siendi ng'o! Sauti hii ndiyo mtaji, na shamba la mihogo la marehemu kule Kihagara bado halijagawanywa. Nikilala chali pumzi inagoma, basi nitalala nimekaa.

Nilipokuwa nakula, mdomo umejaa ugali na dagaa wa usipa, hatimaye nami nikamsikia. Taratibu, chini ya ulimi wangu mwenyewe. Tonge likanidondoka. Kasema neno moja tu: njoo.

Anamaanisha shambani, bila shaka. Mzee ana haraka nalo. Kesho alfajiri nakwenda Kihagara. Kwa mtumbwi ni karibu zaidi.