Naomba Nirudishiwe Ufunguo wa Foklifti

Kwa Bi Philister,
Meneja wa Ghala la Chai,
Changamwe.

Bi Meneja,

Pokea salamu zangu za heshima. Ni mimi Kitsao Nguma, dereva wa foklifti, yule ambaye wapagazi wote humwita Mjomba. Hii ni siku ya nne nimekaa tu hapa nyumbani Bofu, mikono inaniwasha kwa kukosa usukani. Jumatatu ulinipokonya ufunguo mbele ya watu, eti naendesha nikiwa nimelewa vidonge vya usingizi. Naudai ufunguo wangu, na malalamiko yangu ni haya:

1. Vidonge sikuiba. Nilipewa na daktari, akaniambia, "Mzee Kitsao, kimoja kabla ya kulala." Mimi hulala mara mbili, usiku na baada ya chakula cha mchana. Basi humeza viwili. Ningemeza kimoja ningekuwa mgonjwa mkaidi.

2. Kwenye pakiti wameandika mtu asiendeshe mtambo. Nimesoma, darasa la sita nilifika. Lakini aliyeandika hajaniona kazini. Mwaka juzi nilipanga magunia ya chai mpaka njiwa wa paani wakahama, na nusu ya magunia hayo niliyapanga nikikoroma. Muulize Munga.

3. Munga ndiye mpiga filimbi wangu, maana mzigo ukiwa mbele sioni kitu. Filimbi moja, inua. Mbili, shusha. Tatu, rudi nyuma. Macho yangu hulala, masikio hayajalala tangu nizaliwe. Sasa Jumatatu, nyuma ya ghala, vijana wa gereji walikuwa na mechi. Refa wao akapuliza tatu kuimaliza. Nikarudi nyuma. Ningekataa, si ungeniita mtovu wa nidhamu?

4. Ukuta wa choo ulikuwa dhaifu tangu zamani.

5. Msimamizi Odhiambo, aliyekuwa ndani ya choo hicho, anapita akisema, "Mjomba alitaka kuniua nikiwa nimechuchumaa." Hakuchubuka hata ukucha. Foklifti ilisimama shubiri moja tu kutoka magotini pake. Nilimweleza pale pale, "Bwana Odhiambo, dereva aliye macho angeshtuka, akakanyaga mafuta, na leo tungekuchangia jeneza. Shukuru nilikuwa nimelala." Mpaka leo hajashukuru.

Kwa hivyo, pamoja na ufunguo, naomba madereva wote sita wagawiwe vidonge kila siku saa nane kamili, ili ghala liwe na utulivu. Refa naye aandikiwe barua ya onyo.

Nisalimie walinzi wa langoni, mama wa chai, Munga na mapafu yake, na Odhiambo akiwa ameanza kuingia choo tena.

Ni mimi, dereva wako asiyeshtuka,
Kitsao Nguma

Nyongeza: Binti yangu Kafedha amenijia sasa hivi anacheka, kumbe umemwajiri, na Jumatatu ijayo anaanza kuhesabu magunia pale chini. Ahsante sana. Ila Bi Meneja, pale chini ndipo foklifti hupita. Tafadhali mweke orofani. Ikishindikana, kila dereva afunguliwe mdomo asubuhi na baada ya chakula, akaguliwe mpaka chini ya ulimi. Na ule ufunguo usinipe, hata nikija kuuomba kwa magoti.