Mgeni Aliyeruka Shimo

Kitu cha kwanza Bubu alichokiona asubuhi ile kilikuwa mguu.

Ulikuwa mguu wa mama mmoja mnene, umevaa ndara za ngozi. Mwenye mguu alikuwa amesimama chini ya mnara wa saa, mdomo wazi, shingo ameilaza nyuma, mkononi begi kubwa la safari. Aliutazama mnara kama mtu ambaye hajawahi kuona saa iliyopandishwa juu namna ile. Kisha akaanza kutembea, macho bado angani. Mbele yake palikuwa na shimo la mtaro, mfuniko wake umeibwa. Bubu akaziba mdomo kwa kiganja. Lakini mguu ule ulinyanyuka wenyewe, ukavuka shimo, ukatua salama upande wa pili, na yule mama wala hakutazama chini.

Bubu aliona miguu kwa sababu ndiko macho yake yalikokuwa yakikaa siku zote. Hakuwa bubu hata kidogo. Alikuwa na haya tu, haya za kumfanya mtu asalimie vidole vya miguu badala ya uso, na jina hilo alipewa na mjomba wake.

Mjomba mwenyewe hakuuona mguu. Yeye aliliona begi.

"Umeliona?" alinong'ona, huku akiweka sawa kola ya shati lake la kazi. "Begi linapepea kama jani. Anayekuja mjini na begi tupu ana mkoba uliojaa. Huyo amekuja kununua vitu. Na vitu vya kwanza kabisa atavinunua kwetu."

Watu walimwita Bomba, kwa kuwa maneno yalimtoka kama maji ya bomba, ila yeye hakukatika hata wakati wa ukame. Ni haki kusema pia kwamba Bomba mwenyewe aliingia mji huu juzi jioni, baada ya kuondoka mji mwingine bila kuaga. Huko kulikuwa na wanaume kadhaa waliotaka kuzungumza naye, na kila mmoja alikuja kwenye mazungumzo na fimbo yake. Kwa hiyo bwana huyu, aliyekuwa sasa anajipangusa viatu ili awe mwenyeji wa mji, hakujua hata choo cha kulipia kilikuwa wapi.

Kazi yao ilikuwa bangili. Zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya dhahabu, na hiyo ilikuwa ya mama yake Bubu. Mama alipofariki, Bomba, kaka wa marehemu, aliichukua mbele ya waombolezaji na kusema kwa sauti ya huzuni, "Nitamhifadhia mtoto mpaka aolewe." Tangu siku hiyo ilihifadhiwa kwenye mfuko wa shati lake. Ya pili ilikuwa ya shaba, pacha wake kabisa, nayo ilikaa kwenye mfuko wa suruali.

Katika kila mji mchezo ulikuwa ule ule: Bomba alimzoea mgeni, akamtembeza, akamlisha, akawa mtoto wake wa kuzaa. Jioni walikutana, kwa bahati ya ajabu, na msichana asiyejulikana anayelia njiani kwa shida, anauza bangili ya dhahabu. Bomba akashauri ipimwe kwa sonara, maana mjini matapeli ni wengi. Sonara akathibitisha. Bomba akaifunga kwenye leso, na mle ndani ya leso dhahabu ikageuka shaba. Mgeni akalipa, msichana akaondoka, na Bomba akaenda kununua maji ya kunywa asirudi tena.

Bubu hakutakiwa kusema neno. "Ukisema utaharibu," mjomba alimwambia kila mara. "Wewe tazama chini. Haya zako ndizo mtaji wetu." Naye alitazama chini, na kila leso ilipofungwa aliacha kupumua, mpaka aone mjomba amegusa mfuko wa shati, ishara kwamba bangili ya mama imerudi nyumbani. Asubuhi kama hii ndipo alipopewa aishike kwenye ngumi hadi jioni. Alipenda saa hizo. Zilikuwa ndizo saa pekee alizokuwa nayo.

Basi alipouona mguu ukiruka shimo, alifungua mdomo amwambie mjomba. Akaufunga tena. Hata yeye hakujua kwa nini.

"Mama yangu!" Bomba alikuwa ameshafika chini ya mnara, mikono wazi. "Shingo hiyo itakuuma. Karibu mjini kwetu!"

"Jamani, umejuaje kama mimi ni mgeni?"

"Sura yako ina amani. Sisi wa hapa amani ilitutoka zamani. Unautazama mnara wetu? Huu ulijengwa na tajiri mmoja aliyekuwa anachelewa kula. Mke wake akachoka kumwita."

"Kumbe!" alisema mama.

"Ndiyo hivyo. Mimi hapa nimezaliwa, nimekulia. Nitakutembeza, na sitaki hata senti. Lete begi, mama. Wewe tembea mikono mitupu kama malkia."

Wakaondoka. Bubu alifuata nyuma, mbali kidogo, kama mtu mwenye safari zake.

Utembezi ule ungestahili kuandikwa na wataalamu, maana mji ule haukuwahi kusikia habari zake zenyewe kwa namna ile. Walipita mbele ya jengo refu la manjano lenye madirisha mengi, na Bomba akasimama kwa heshima.

"Hili ndilo bunge la zamani."

Ndani ya jengo kililia kichanga. Kikapokelewa na kingine, kisha vikawa kwaya nzima.

"Na hao?" aliuliza mama. "Wabunge?"

"Hao..." Bomba hakumeza hata mate. "Hao ni watoto wa wafanyakazi. Serikali yetu inajali sana wafanyakazi."

"Kumbe!"

Wakafika kwenye sanamu ya mtu aliyenyoosha mkono. Bomba akaeleza kuwa huyo ni shujaa aliyewaonyesha watu njia ya kwenda sokoni, na soko liko huko huko anakoonyesha. Wakafuata mkono wa shujaa hadi kwenye ukuta wa karakana ya magari, pasipo na njia.

"Wamehamisha soko?" mama aliuliza kwa upole.

"Wanapenda sana kulihamisha."

"Mimi ni mgeni, baba, sijui kitu. Lakini moyo unaniambia tupite kile kichochoro, halafu kushoto."

Wakapita kichochoro, halafu kushoto, na soko hili hapa. Bomba akamsifu sana. "Una akili ya njia, mama yangu. Ungezaliwa hapa ungekuwa dereva."

Sokoni mama alianza kununua. Alinunua ndoo mbili za plastiki. Alinunua mito minne ya kulalia. Alinunua fagio lenye mpini mrefu la kutolea utando wa buibui, sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea, na mwisho fimbo ya chuma ya kuning'inizia mapazia, ndefu kupita Bomba mwenyewe. Begi likajaa. Vilivyobaki vikapanda juu ya Bomba, kimoja baada ya kingine, mpaka mtu aliyemtazama kutoka nyuma aliona duka lenye miguu.

Bubu alikuwa anatazama kutoka nyuma. Alimwona muuza ndoo akigeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Alimwona muuza mito akimtajia mama bei mara moja tu, bila kupandisha, kama anavyotajiwa ndugu. Akajiuliza, ni mgeni gani anayepanda basi na fimbo ya pazia?

"Ni nzito kidogo?" mama aliuliza.

"Hizi?" alijibu Bomba kutoka mahali fulani kati ya mito. "Mimi sijaanza kubeba."

Mchana wakaingia kwenye mkahawa. Bomba alikuwa na msimamo wa miaka mingi kwamba samaki hanaswi kwa ndoano tupu, kwa hiyo aliagiza kuku, wali, soda baridi, na mama alipoomba soda nyingine na kuku wa kubeba nyumbani, akaagiza navyo, akalipa akitabasamu kwa meno yote. Ndiyo iliyokuwa akiba yao ya mwisho. Jioni isipozaa kitu, wasingekuwa na pa kulala.

Bubu aliingia kunawa uso. Bomba la maji lilikuwa uani, na alipoinama akaona ndara za ngozi zimesimama karibu na zake.

"Miguu yangu imekukosea nini, mwanangu?" sauti iliuliza. "Tangu asubuhi unaitazama."

Bubu akaganda.

"Uliniona pale shimoni. Nami nikakuona ukiniona. Yule msema sana ni nani wako?"

Bubu akaikaza ngumi.

"Usiniambie. Mna masikio yale yale, yamesimama kama vipini vya sufuria." Mama alicheka chini chini, akanawa mikono yake taratibu. Kisha akaitazama ngumi ya Bubu, iliyofumbwa kama ya mtoto mchanga. "Hujamwambia. Kwa nini hujamwambia, hilo nimelifikiria hata kuku nimemla nusu nusu. Sikiliza. Baadaye nitakuuliza swali moja. Moja tu. Nijibu kweli."

Akaondoka, akipangusia mikono kwenye gauni.

Jioni ilipoanza kuingia wakakutana njiani na, kwa bahati ya ajabu, msichana asiyejulikana.

"Binti, mbona unalia?" alisema Bomba.

Bubu hakuwa analia, lakini alitazama chini, na hiyo ilikuwa sawa na kulia. Akafungua ngumi.

"Mama, ona! Dhahabu! Maskini ana shida, anaiuza. Mimi ningeinunua, basi tu mikono yangu imejaa sufuria. Lakini tusikimbilie! Mjini hapa kuna matapeli, mama yangu, hawana hata huruma. Tumpelekee sonara kwanza. Yule pale."

"Yule sonara mwingine, wa mlango wa bluu, nimempenda zaidi," alisema mama. "Sijui kwa nini."

Masonara wote ni masonara. Wakaingia mlango wa bluu. Duka lilikuwa dogo, lina meza ya kioo, feni inayolalamika, na mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliisugua bangili kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha dawa, akasubiri.

"Dhahabu," alisema, akaiweka juu ya kioo. "Ya zamani, nzuri. Siku hizi hazitengenezwi hivi."

Bomba akatua mizigo yake, leso ikatoka mfukoni yenyewe. Bubu akaacha kupumua. Lakini kabla leso haijafika, kiganja kinene cha mama kilishatua juu ya bangili.

"Subiri, baba. Mimi sinunui kitu bila kujua mwenyewe. Binti, bangili hii ni ya nani?"

"Huyu ana haya sana, mama, hata kusema..."

"Kwani unamjua?"

"Mimi? Nimjulie wapi! Ndiyo kwanza namtia machoni."

"Basi muache aseme."

Feni ilizunguka. Bubu alitazama vidole vya miguu yake. Alitazama viatu vya mjomba, vilivyong'arishwa kwa ajili ya siku hii. Alitazama ndara za ngozi, zilizokuwa zimetulia pale chini bila haraka. Akasikia sauti ndogo imetoka mahali fulani, akachelewa kutambua kuwa ni yake.

"Yangu."

"Unaiuza?"

Bubu akatikisa kichwa, kwa nguvu, mpaka masikio yakachelewa kusimama.

Sonara akaichukua bangili kutoka chini ya kiganja cha mama, akampa Bubu. Bubu akaivaa. Haikuwahi kuvaliwa tangu itoke kwenye mkono wa mama yake, na iliingia bila kusukumwa.

"Lakini, binti!" Bomba alikuwa ameshika leso hewani kama mtu anayeaga treni. "Si ulikuwa na shida? Hebu mzee, nipe mimi kwanza..."

"Bwana," alisema sonara, "si umesema humjui?"

Hapo ndipo Bomba alipofungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu alipojifunza kuzungumza, hakikutoka kitu. Akisema ni mpwa wake, atakuwa amejitaja mwenyewe kuwa tapeli. Asiposema, bangili ndiyo hiyo inaondoka. Alitazama juu, akatazama chini, akafunga kinywa.

"Haya, mwanangu," mama akamgonga Bomba bega, "beba, tumalizie. Si mbali."

Ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwa sonara. Mlangoni kulikuwa na kibao: NYUMBA YA WAGENI, VYUMBA SAFI. Mama alitoa funguo kwenye kifua cha gauni, akafungua, akaonyesha pa kuweka mito, pa kuweka ndoo, na akamsimamia Bomba hadi fimbo ya pazia ikalala ukutani bila kukwaruza rangi.

"Wachukuzi wa mji huu ni ghali," alimweleza, akimfuta vumbi begani kama mzazi. "Nyinyi mnabeba bure, na chakula mnanunua. Mwezi uliopita alikuwa kijana wa kuuza saa. Mzuri, ila alinivunjia sahani. Wewe hujavunja kitu. Ukiwa na nafasi mwezi ujao, mimi nasimama pale pale mnarani."

Kisha akamgeukia Bubu. "Nina vyumba vya kufagia na shuka za kufua, na mshahara kila mwisho wa mwezi. Si kazi kubwa, lakini haina kulia. Fikiria. Mlango nauacha wazi."

Akaingia ndani na kuku wake.

Mjomba na mpwa wakabaki barabarani. Bomba alijinyoosha mgongo, mfupa mmoja mmoja. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akanyoosha kiganja.

"Haya, lete nikuhifadhie," alisema, sauti imeanza kurudi. "Hasara imeshatokea, tutajipanga upya. Huyu mama ni shetani kabisa! Nani angejua? Mimi na macho yangu haya, nani angejua?"

Bubu aliuficha mkono wenye bangili nyuma ya mgongo. Kwa kawaida angetazama viatu. Safari hii alianza na viatu, akapanda suruali, akapita mfuko wa shati uliokuwa mtupu, akafika usoni, akabaki huko.

"Mimi nilijua, Mjomba," alisema. "Tangu asubuhi. Aliruka shimo akiwa anatazama juu. Sikukwambia kwa sababu nilitaka ushindwe."