Ufukwe wa Mheshimiwa Washika Nafasi ya Kwanza

Wananchi wa Ras Rihan, na ninyi nyote mnaotutazama kwa wivu kutoka ng'ambo ya Mediterania: inatangazwa rasmi kwamba bahari yetu sasa imefanyiwa tathmini. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiingia majini kiholela, kila mtu pale alipojisikia, bila mwongozo wowote wa serikali. Hali hiyo imekoma. Mimi, Lutfi Gharsa, Msemaji wa Tume ya Uteuzi wa Ufukwe Bora, nilikuwepo tangu kikao cha kwanza hadi siku Mwenyekiti alipokamatwa, na ninathibitisha kwamba kila hatua ilifuata utaratibu.

Wazo lilitoka makao makuu, Tunis. Kila wilaya ya pwani iteue ufukwe mmoja ulio bora kuliko fukwe zote, nao ujengewe barabara ya lami, bomba la maji na kituo cha basi. Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Shedli Buzayan, aliusoma waraka huo akiwa na kishada cha yasmini nyuma ya sikio. Alipofika kwenye neno "lami" alirudia kusoma. Siku hiyo hiyo akaunda Tume. Mwenyekiti yeye, Msemaji mimi. Mjumbe wa tatu alikuwa shemeji yake, Daktari Ridha, ambaye ni daktari wa meno. Waliohoji uteuzi huo walijibiwa kwamba mchanga mweupe unahitaji mtu anayeujua weupe kwa undani.

Fukwe zilizofika fainali zilikuwa mbili.

Wa kwanza ulikuwa Sidi Marzuki, ambako mji mzima huoga. Nyuma yake kuna kiwanda cha kusindika dagaa, mbele yake kuna akina mama wanaoingia majini na magauni yao, wakasimama humo hadi kiunoni na kusengenya mpaka vidole vikunjamane. Katikati, chini ya turubai la buluu, Bi Mabruka alikuwa akikaanga bambaloni, yale maandazi ya duara yenye tundu katikati. Bi Mabruka ni mjane, na kwa mafuta hayo hayo alisomesha mabinti wanne. Ana sauti ambayo upepo ukiwa mzuri wanaisikia hadi kisiwa cha Sisilia, ng'ambo ya bahari.

Wa pili ulikuwa Ghuba ya Yasmini. Mdogo, msafi, maji ya kijani kama kioo cha chupa. Hakuna aliyekuwa akioga pale, kwa sababu kati ya barabara na bahari ilisimama nyumba ya mapumziko ya Mheshimiwa, na ukuta wake ulishuka mpaka ndani ya maji. Ukuta huo ulijengwa kuzuia mmomonyoko. Wa udongo, na wa watu.

Tulianza na Sidi Marzuki. Mheshimiwa alisimama mchangani na viatu vyake vya ngozi, akanusa.

"Msemaji, andika. Kuna harufu."

"Ya dagaa, Mheshimiwa?"

"Ya wananchi."

Nikaandika: harufu mseto.

Daktari Ridha, kwa bidii yake, alikuwa tayari ameshaanza andazi la pili.

"Daktari," Bi Mabruka akamwita, "hivi unapima mchanga au unapima andazi?"

"Natathmini mazingira kwa ujumla wake, Bi Mabruka."

"Basi ifute hiyo tathmini mdomoni, imejaa sukari." Kisha akamgeukia Mwenyekiti. "Na wewe Mheshimiwa, vua viatu uingie. Utaichaguaje bahari hujalowa hata kidole?"

"Siwezi, mama. Nikiingia nitakuwa na upande."

Akina mama wa majini walicheka hadi mawimbi yakapoteza mpangilio. Mheshimiwa akaniagiza niandike pia: kelele.

Ghuba ya Yasmini tuliitathmini tukiwa barazani kwake, kwa chai ya mnanaa yenye njugu za msonobari zikielea juu, na samaki wa kuchoma aliyepakwa harisa, ile pilipili yetu ya kusaga. Zoezi lilichukua mchana mzima, pamoja na usingizi. Wakati wa kura, Mheshimiwa alitoka chumbani ili asitushawishi, akasimama nje dirishani akitutazama. Ghuba ya Yasmini ikashinda kwa kura zote.

Lami ikaja, ikaishia getini kwa Mheshimiwa. Bomba likaja, likaishia hapo hapo. Kisha ukatekelezwa uamuzi wetu wa pili: Sidi Marzuki ulitangazwa kuwa haufai, ukafungwa kwa mnyororo na kibao kilichosema "Maboresho Yanaendelea". Maboresho yenyewe yalikuwa ni kuegesha malori ya kiwanda. Turubai la buluu likang'olewa, na karai la Bi Mabruka likawekwa kando ya barabara likiwa bado la moto.

Kesho yake aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi.

"Lutfi mwanangu, watu wa mji huu wataoga wapi? Kwenye ndoo?"

"Bi Mabruka, serikali haijamzuia mtu kuoga. Imewachagulia wananchi wote ufukwe bora zaidi."

"Wote?"

"Wote."

"Hata mimi na karai langu?"

"Wewe si mwananchi?"

"Tangu tumboni mwa mama yangu."

"Basi hata wewe."

Alikuwa ameingia na macho mekundu, na sasa kitu kilianza kuchezacheza pembeni mwa mdomo wake.

"Maneno mazuri hayo, mwanangu. Mbona unayafungia ofisini? Yaseme kwenye kipaza sauti."

Ni nadra mwananchi wa kawaida kuonyesha ari namna hiyo katika mawasiliano ya umma. Nilichukua gari la ofisi na kuzunguka mitaa yote, tangu sokoni hadi mashamba ya zeituni: "Wananchi wote mnaelekezwa Ghuba ya Yasmini! Ndiyo bora! Ni yenu! Jumapili ufunguzi, basi ni la bure!" Niliporudi sauti imekauka, Mheshimiwa alikuwa Tunis akinunua suti ya kukatia utepe. Sikuona haja ya kumsumbua.

Jumapili hiyo alikuja Mkaguzi kutoka makao makuu, Bi Wasila Zuari, mwanamke mwembamba anayeuliza swali moja tu kwa wakati. Mheshimiwa alikuwa amealika wageni wachache wa heshima na keki. Mkasi ulikuwa juu ya mto wa hariri. Ndipo basi la kwanza likatokea.

Lilikuwa limeinama upande mmoja. Walishuka watu, wakashuka miavuli, yakashuka matikiti maji, likashuka sufuria la kuskusi lililobebwa na wanaume wawili, akashuka ajuza mmoja akiwa ameketi kwenye kiti chake. Ngoma ya darbuka ilikuwa ikipigwa hata kabla mpigaji hajashuka. Nyuma ya basi lilikuja basi lingine, na nyuma yake pikipiki, malori, matrekta. Mbele ya wote, karai kichwani, Bi Mabruka.

"Tumeitikia wito!" alipaza sauti. Nadhani Sisilia nao walifurahi.

Mheshimiwa alinivuta pembeni kwa tai yangu. "Hawa nani kawaita?"

"Tume, Mheshimiwa."

"Tume ipi?"

"Hii yetu."

Bi Wasila alikuwa amelifikia geti. "Mheshimiwa, wananchi wanapita wapi kwenda majini?"

"Wanapita... kwa maombi maalumu."

"Na huu ukuta?"

"Wa mmomonyoko, mama."

"Unaziba ufukwe bora wa wilaya." Alitazama huku na huku, akaliona tingatinga lililoleta lami, ambalo dereva wake alikuwa amelala kivulini. "Mwamsheni yule."

Ukuta ulianguka kwa heshima zote. Wapiga picha walikuwepo, kwa hiyo Mheshimiwa ndiye aliyeanza kupiga makofi. Aliwaambia waandishi kwamba ukuta ule ulikuwa ukimnyima usingizi kwa miaka mingi.

Baada ya hapo alinyimwa usingizi kwelikweli. Darbuka ilihamia chini ya dirisha la chumba chake cha kulala. Akina mama wa Sidi Marzuki walisimama majini mbele ya baraza lake na kumsengenya akiwa anawasikia. Ajuza wa kiti alikipandisha kiti barazani, akasema hapo upepo unapita vizuri. Mtu akiishiwa chumvi alibisha dirishani kwa mke wa Mheshimiwa, na mkewe, Bi Jalila, ambaye kwa miaka yote alikuwa akikaa na ukuta peke yake, siku ya tatu alitoka na chumvi asirudi ndani. Mchana tulimkuta majini, na gauni lake, kiunoni.

Mheshimiwa aliitisha kikao cha dharura.

"Ushusheni ufukwe wangu! Utangazeni haufai!"

"Kwa mujibu wa mwongozo," nikasema, "ufukwe bora hupoteza hadhi ukikutwa mchafu tu."

"Basi nendeni mkaukute mchafu!"

Tulikwenda. Bi Mabruka alikuwa amewapanga akina mama kwa zamu, na kila alfajiri waliufagia kwa makuti ya mitende kama ukumbi wa harusi. Daktari Ridha alichota mchanga, akauangalia juani, akasikitika.

"Shemeji, sina la kusema. Unang'aa kama jino la bandia."

Siku iliyofuata, saa ya jua kali, watu wote wakiwa wamejilaza baada ya chakula, mlinzi wa ufukwe aitwaye Tayeb alimwona mtu mwenye kofia pana ya ukindu akimwaga ndoo ya vichwa vya dagaa mchangani. Tayeb aliajiriwa na Mheshimiwa mwenyewe ili afukuze watu, na ni kijana anayechukulia kazi yake kwa uzito.

"We mzee! Unafanya nini hapo?"

"Shhh! Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mkuu wa Wilaya!"

"Acha kamba, mzee wangu. Mkuu wa Wilaya anajiheshimu, hawezi kushika vichwa vya dagaa."

"Nitakufukuza kazi, wewe!"

"Nifukuze baadaye. Saa hizi nakukamata."

Vurugu iliwaamsha watu. Walimzunguka mtu yule, na Bi Mabruka akapenya katikati. "Mwacheni mzee wa watu, labda jua limempanda kichwani." Akamvua kofia ili ampepee. Kishada cha yasmini kikaanguka juu ya dagaa.

Kisha Bi Jalila, kutoka majini, akasema, "Huyo ni wangu," kwa sauti ya mtu anayetambua mzigo wake kituoni.

Sheria ilikuwa wazi. Atakayechafua ufukwe bora, bila kujali cheo, atawahudumia waogaji hadi mwisho wa kiangazi. Mheshimiwa aliitia saini mwenyewe wiki ile waogaji walipomwachia maganda ya matikiti getini. Nilimpigia simu Bi Wasila kuuliza kama neno "cheo" limo kwa bahati mbaya. Akauliza swali moja tu: "Ameshaanza?"

Nilitoa taarifa kwa umma kwamba Mheshimiwa, kwa hiari yake, ameamua kusogea karibu na wananchi. Siku hiyo hiyo mnyororo wa Sidi Marzuki ulitoweka, malori yakaondoka, na turubai la buluu likarudi mahali pake. Uchunguzi unaendelea. Hata hivyo watu hawakuiacha Ghuba ya Yasmini. Siku hizi wana fukwe mbili, na Bi Mabruka ana karai kila upande.

Mheshimiwa yupo kwenye bomba, suruali imekunjwa hadi magotini, mpira wa maji mkononi. Kazi yake ni kuosha mchanga miguuni mwa wanaotoka baharini, na foleni, naomba ieleweke, ni ya mpangilio mzuri. Jana Bi Mabruka alitoka majini gauni likichuruzika, akaweka mguu juu ya jiwe. Mheshimiwa akauosha, akafunga maji, akaita anayefuata.

Bi Mabruka hakusogea.

"Na wa pili, Mheshimiwa," akamwambia kwa upole. "Nilikuja na yote miwili."