Kitanda cha Mtoto Aliyeng'oa Miti

Nyie wa Sikonge, barua hii someni wenyewe, isifike kwa wakwe zangu. Leo nimevuliwa nguo hadharani! (Nguo ninazo. Heshima ndiyo sina.)

Wiki iliyopita Mama Jaya, mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa, alinijia karakanani hapa Tabora. "Fundi, nataka kitanda cha kubembeza mtoto. Anazaliwa Jumatano ijayo." Akaniambia nikikipatia, milango yote ya duka lao jipya ni kazi yangu. Milango sita! Na mnajua tangu mvua ziishe natengeneza vigoda tu.

Nikamtupia jicho tumboni. Bapa. (Ya watu usiyaulize.)

"Mtoto mwenyewe yukoje, mama?" Fundi lazima aujue mzigo.

Uso ukamnawiri. "Mtundu huyo! Anatambaa nyumba nzima. Ukitundika chungu cha siagi darini, anakifikia, anakula yote."

Anazaliwa Jumatano, na tayari anatambaa?

"Siku moja alikula udongo. Mama yake akamfumbua kinywa, akaona humo milima, bahari na nyota zote."

Nikaingiwa na huruma. Mtoto anayekula udongo ana safura, na mama wa mgonjwa huona mengi. "Mpelekeni hospitali," nikamshauri. Akacheka. Sikuelewa anacheka nini.

"Mama yake alipochoka, akamfunga kwenye kinu. Mtoto akakiburura, kikanasa kati ya miti miwili. Akavuta. Miti ikang'oka yote!"

Jamani! Ningeuliza zaidi, lakini fundi anayeuliza sana huonekana hajui kazi. Nikaandika ubaoni kwa mkaa: KINU. MITI MIWILI. Nikaanza kupasua mninga.

Leo mchana tumekipeleka nyumbani kwake. Miguu minene kama michi, bolti nimezitoa kwenye bodi la lori bovu, minyororo pande zote mbili. Tulikibeba watu sita. (Babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani. Mimi nimetweta mpaka mtaa wa pili.) Mlangoni hakikupita, ikabidi ning'oe fremu. (Ndiyo, mlango. Ndiyo kazi ninayoiomba.)

Mama Jaya akashika mdomo. "Fundi... hiki cha nani?"

"Cha mtoto, mama. Hakivunjiki!"

Nikadhani ana wasiwasi na uimara wake. Basi nikavua viatu, nikapanda, nikajilaza, magoti nimeyakunja mpaka kidevuni. "Haya, niyumbishe uone!"

Mara kengele zikalia. Wanawake kama ishirini wakaingia na sari zao za sikukuu, wanaimba wimbo wa kubembeleza mtoto. Mbele yao bibi mzee, mama mkwe wa Mama Jaya, kabeba sinia la maua. Wakaniona. Wimbo ukakatika.

Nikajaribu kutoka. Makalio yamenasa!

"Mtoto... yuko wapi?" nikauliza. (Hata sasa sijui kwa nini niliuliza.)

Bibi akainamisha sinia. Katikati ya maua palikuwa na kisanamu cha shaba, kinatambaa, mkononi kina donge la siagi. Urefu wake kidole gumba changu.

"Huyu ni Krishna, mungu wetu, alipokuwa mtoto," Mama Jaya akasema taratibu. "Kila mwaka tunasherehekea kuzaliwa kwake. Nilikuwa nakusimulia habari zake, fundi. Nilidhani unajua."

Ningejuaje? Mimi Mmoravian. Mtoto wetu alilala horini kwa utulivu, hakung'oa hata kichaka!

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Kisha wote. Wenzangu wanne wakanivuta kwa mikono na miguu, niko mwekundu ndani kwa ndani. Kitanda kikaoshwa kwa maji na maziwa, kikajazwa mito kumi na mmoja, na juu ya mito yote akalazwa Krishna wa kidole gumba. Nikakiri moyoni kwamba alipendeza.

Nikamsogelea Mama Jaya, viatu mkononi. "Na ile milango, mama?"

Akaitazama fremu iliyolala chini. Akanitazama mimi.

"Milango ni yako. Lakini kesho ukija, mimi sisimulii kitu. Njoo na futi, upime mwenyewe."

Basi mwenye kucheka acheke huko huko Sikonge. Tabora wameshamaliza.