Taa Mpya za Lori la Anuar na Kuondoka kwa Sitara Mtaani

Kwa Mheshimiwa Sheha, Bi Mwatum,
Matemwe.

Assalaam alaykum. Shikamoo. Natumai pilikapilika za shehia hazijakuchosha kiasi cha kushindwa kusoma shitaka la raia mtiifu.

Yah: Taa za nyuma za lori la Anuar

Mimi Muhiddin, msukaji madema ya kuvulia samaki na mgane wa mtaa wako, nashitaki. Lori la mawe la Anuar, mdogo wake Bi Salhiya, lilikuwa na taa mbili za ziada nyuma, za kuwamulikia wapakuaji. Zilikuwa za globu, za manjano, zenye adabu zao. Majuzi kalipeleka kwa fundi Amani, zikang'olewa, zikafungwa za LED. Sasa kila baada ya Isha Anuar hulirudisha lori kinyumenyume, mkia ukaelekea uani kwa dada yake, akaziwasha, akaenda zake kula. Anasema hazili betri. Kweli haziili, Mheshimiwa. Zinatula sisi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jogoo wangu hajui tena alfajiri ni ipi. Huwika watu wakiwa bado na wali mdomoni, na alfajiri yenyewe ikifika yeye amelala.

2. Wazee wa bao wameacha kucheza. Wamegeuza vigoda vyao, wote wanatazama uani kwa Bi Salhiya, na mmoja wao, Ayoub, huja na karanga.

3. Hili linanihusu kidogo. Jumatatu usiku nilipita mlango wa uani wa Bi Salhiya, ambaye mumewe alifariki na eda yake ilikwisha zamani, nikaazime kibao cha mbuzi nikunie nazi. Ni kweli kwangu ninavyo viwili, lakini cha jirani hukuna vizuri zaidi. Basi kivuli changu kikapanda ukuta wa chuo cha Kurani, kirefu kama mnazi, na mtungo wa samaki changu mkononi. Watoto wakaniamkia wote kwa pamoja, wakiuamkia ukuta. Kwa umri wangu huu, Mheshimiwa, niliona haya mpaka nikasahau kilichonipeleka.

4. Dini yetu inahimiza sitara, na ujirani wote wa hapa umejengwa juu ya kutoonana vizuri. Malori yote ya Unguja yakifungwa taa hizi, nani atathubutu kuazima kitu? Asiyeazima hana jirani, na asiye na jirani hana wa kumzika. Kwa taa mbili tu tutaoza juu ya ardhi.

Kwa hiyo naomba Anuar aamriwe kurudisha globu zake. Akikataa, azivishe kanga, kila taa na yake. Hilo nalo likishindikana, shehia itangaze kuwa mtu yeyote atakayeonekana baada ya Isha ahesabiwe hakuonekana.

Nisalimie mumeo Abrahman, watoto wote, na katibu wako Nadra. Ayoub usimsalimie.

Wako katika kudai giza la haki,
Muhiddin

Nyongeza: Barua hii nilimpa Bi Salhiya aipitie kabla sijaileta. Kaisoma yote, kisha kaniambia kuwa taa zile ni yeye aliyemtuma Anuar azifunge, na kuzielekeza uani ni amri yake. Kasema amechoka na mwanamme anayejulikana na paka tu, na kama naona haya kuonekana mlangoni kwake, samaki wangu nikale kwangu.

Malalamiko yote nayafuta, hata la jogoo. Badala yake nakuomba unitafutie wazee wawili wenye kauli nzuri, wanipelekee posa Ijumaa baada ya sala. Ataipokea Anuar, kwa kuwa ndiye walii wake wa kumwozesha, basi mwambie shitaka hili halikuandikwa. Wazee wapite mlango wa mbele. Mimi kwa ada sitakiwi kuwamo, lakini nitasimama pale barabarani, mchana kweupe, kila mtu anione.